Kutazama na Kutazamia: Macho ya Mtoto Mchanga Yanatuambia Nini?

Wanafunzi wetu wanaofanya mazoezi ya kufundisha katika Wilaya ya Kasese hurudi na swali ambalo halimo katika muhtasari wa masomo. Mzazi wa Bwera akishajua kwamba aliye mbele yake ni mwalimu wa lugha, humwuliza: "Mwalimu, mtoto wangu ana miezi minane. Nyumbani anasikia Lhukonzo. Sokoni Mpondwe, nikiwa nimembeba mgongoni, anasikia Kiswahili cha watu wa Kasindi. Redioni ni Luganda na Kiingereza. Huyu hatachanganyikiwa? Si afadhali tumwekee lugha moja kwanza?" Walimu wengi hujibu kwa kubahatisha. Wengine humshauri mzazi aache Lhukonzo, au aache Kiswahili, mpaka mtoto akomae. Ushauri huo si jambo dogo. Mtoto aliyenyimwa lugha ya bibi yake akiwa na miezi minane haipati kirahisi akiwa na miaka minane.

Ugumu ni kwamba mwenye habari kamili, yaani mtoto mwenyewe, hawezi kuhojiwa. Hasemi, hajui kujaza dodoso, na ukimpa kalamu ataitia mdomoni. Lakini anacho kiungo kimoja anachoanza kukitawala mapema kuliko mikono na ulimi, nacho ni macho. Katika makala haya tunapenda kueleza jinsi watafiti wanavyotumia mwendo wa macho kujua mtoto mchanga anatarajia kuona nini, na jinsi jambo hilo linavyotuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili katika miji ya mpakani.

Kiswahili chenyewe kimetutangulia hapa. Kutokana na kitenzi tazama tunapata tazamia, yaani kuelekeza macho ya moyo kwenye jambo ambalo bado halijafika. Kazi yote ya watafiti hawa imo katika tofauti ya vitenzi hivyo viwili. Mtoto anatazama kilichopo. Je, anatazamia kitakachokuwapo?

Kupima mshangao

Katika miaka ya 1950 na 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Fantz, alitengeneza kitanda kilichofunikwa kama kibanda, akamlaza mtoto chali na kumwonyesha picha mbili juu yake. Mtafiti alichungulia kwenye tundu dogo na kuangalia ni picha ipi inayoakisiwa kwenye mboni za mtoto. Hakuwa na kompyuta; alikuwa na saa na subira. Alionyesha kwamba hata watoto wa wiki chache huchagua, kwani hutazama zaidi mchoro wenye mistari au wenye sura ya mtu kuliko karatasi isiyo na kitu. Mwaka 1964 akaongeza jambo ambalo ndilo msingi wa mengi yaliyofuata: picha ileile ikirudiwarudiwa, watoto waliopita miezi 2 huanza kuitupia macho kwa muda mfupi zaidi, na ikiletwa nyingine wanaamka tena. Mwalimu aliyewahi kurudia somo moja mara tatu kwa darasa lilelile anaujua uchovu huo.

Basi kama mtoto huchoshwa na analolijua na kuvutwa na asilolitarajia, mshangao wake unaweza kupimwa kwa saa. Mwaka 1985 Renée Baillargeon, Elizabeth Spelke na Stanley Wasserman waliwaonyesha watoto wa miezi 5 kibao kilichoinuka kutoka mezani na kulala upande wa pili, kama jalada la kitabu linavyofunguliwa. Kisha sanduku likawekwa nyuma ya kibao, katika njia yake. Mara nyingine kibao kilisimama kilipofika kwenye sanduku, kama inavyopasa. Mara nyingine, kwa hila ya watafiti, kilipita moja kwa moja hadi chini kana kwamba sanduku limeyeyuka. Watoto walilitazama tukio hilo la pili kwa muda mrefu zaidi. Matokeo hayo yalitikisa mafundisho ya Jean Piaget, aliyeshikilia kwamba kwa mtoto wa umri huo kitu kilichofichwa ni kama hakipo tena.

Wapo waliopinga, nasi tunaona pingamizi lao lina uzito. Walisema kutazama kwa muda mrefu si lazima kuwe kushangaa. Huenda kibao kinachozunguka zaidi kinapendeza zaidi tu, au mtoto amekizoea mwendo fulani. Muda wa kutazama hupimwa baada ya tukio kutokea, na baada ya tukio sababu za kutazama huwa nyingi. Anayetaka kujua matarajio hana budi kuyakamata kabla ya tukio.

Jicho linalofika kwanza

Hilo ndilo alilolifanya Marshall Haith pamoja na wenzake mwaka 1988. Waliwaonyesha watoto wa miezi 3 na nusu picha ndogondogo zilizotokea kulia, kushoto, kulia, kushoto, zikiachana kwa kitambo kifupi kisicho na picha. Katika mfululizo mwingine picha zilitokea ovyo, bila utaratibu. Watoto waliopata utaratibu walianza kupeleka macho upande wa picha inayofuata wakati upande huo ungali mtupu. Na hata walipochelewa, waliifikia picha kwa kasi zaidi kuliko walipoonyeshwa picha zisizo na mpango.

Namna ya kuhesabu ni muhimu hapa. Jicho la mtu haliwezi kuona kitu na kuhamia kwake papo hapo; linahitaji muda wa ubongo kupokea habari na kutoa amri. Watafiti wa Haith waliweka kikomo cha milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Jicho likifika kabla ya picha, au ndani ya muda huo mfupi baada ya picha kutokea, basi safari yake ilianza kabla picha haijaonekana. Halikuitwa na picha. Liliitwa na matarajio.

Leo kazi ya kuchungulia tunduni hufanywa na kifaa kinachowekwa chini ya skrini. Kifaa hicho hutoa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, na kamera hunasa mwanga huo unaporudi kutoka kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Kwa kulinganisha mahali pa mng'ao huo na katikati ya mboni, programu ya kompyuta hukadiria mtoto anatazama sehemu gani ya skrini, mara 60 au zaidi kwa kila sekunde. Kabla ya kuanza, mtoto huonyeshwa vitu vidogo vinavyochezacheza kwenye pembe za skrini ili kifaa kiyazoee macho yake. Hukaa mapajani mwa mama, na mara nyingi mama huvalishwa miwani ya giza au huombwa atazame pembeni, maana mama akitazama kulia, mwili wake wote humwambia mtoto atazame kulia. Mtoto akilia, akilala au akitaka kunyonya, jaribio limekwisha. Ndiyo maana katika taarifa za tafiti hizi utakuta watoto wengi walioanza na ambao habari zao hazikutumika.

Matarajio hutoka nyumbani

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, wakiongozwa na Terje Falck-Ytter, waliwaonyesha watoto filamu ya mkono unaookota vitu vya kuchezea na kuvitia katika ndoo. Watoto wa miezi 12 walitupa macho kwenye ndoo kabla mkono haujafika, kama watu wazima. Watoto wa miezi 6 waliufuata mkono tu. Vitu hivyo vilipokwenda vyenyewe bila mkono, macho hayakutangulia. Kwa hiyo mtoto hatazamii mwendo wa kitu chochote tu. Anatazamia nia ya mtu.

Utafiti unaotuvutia zaidi ulichapishwa mwaka 2016, nao uliwalinganisha watoto wa miezi 8 wa China na wa Sweden. Walionyeshwa mtu anayekula, mara kwa kijiko, mara kwa vijiti vya Kichina. Macho ya watoto wa China yaliutangulia mkono kufika mdomoni pale tu ulipotumia vijiti. Ya watoto wa Sweden yaliutangulia pale tu ulipotumia kijiko. Umri ni uleule na macho ni yaleyale, lakini meza za nyumbani ni tofauti.

Tukiichukua hoja hiyo hadi Kasese, tunaweza kubashiri jambo linalopimika. Mtoto aliyelelewa kwenye bundu ya muhogo amewaona wakubwa wakimega tonge, wakilibonyeza kwa kidole gumba, wakichovya kwenye mchuzi wa samaki na kupeleka mdomoni, pengine mara mia kwa siku. Mtoto huyu akionyeshwa filamu ya kijiko iliyotengenezwa Ulaya na macho yake yasitangulie, mtafiti asiyeijua Bwera ataandika kwamba mtoto amechelewa kukua. Kumbe amepimwa kwa chakula cha watu wengine. Vivyo hivyo mtoto anayeshinda mgongoni ndani ya mbeleko huuona ulimwengu kutoka juu ya bega la mama, na mara nyingi uso anaouona ni wa mtu anayemsalimia mama, si wa mama mwenyewe. Tafiti nyingi za aina hii zimefanywa kwa watoto wa Marekani na Ulaya, na sehemu ya Afrika katika maarifa haya bado ni ndogo mno.

Lugha mbili na macho yanayogeuka

Sasa turudi kwa mzazi wa Bwera. Mwaka 2009 Ágnes Kovács na Jacques Mehler, waliofanya kazi Trieste, Italia, walichapisha utafiti juu ya watoto wa miezi 7. Baadhi walilelewa kwa lugha moja, wengine kwa lugha mbili tangu kuzaliwa. Mtoto alisikia neno lisilo na maana, kisha kikaragosi kikatokea upande mmoja wa skrini. Baada ya mara chache watoto wa makundi yote mawili walijifunza kupeleka macho upande huo mara wasikiapo neno. Ndipo mambo yakageuzwa: kikaragosi kikaanza kutokea upande wa pili. Watoto wa lugha mbili waliyageuza matarajio yao. Wale wa lugha moja waliendelea kutazama upande wa zamani.

Matokeo hayo yalishangiliwa sana, na wengine wakaanza kutangaza kwamba lugha mbili humfanya mtoto kuwa na akili zaidi. Tunawaomba wenzetu wasifike huko. Watafiti waliorudia jaribio hilo hawakupata jibu moja. Dean D'Souza na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2020 juu ya watoto wa miezi 7 hadi 9, hawakuona tofauti hiyo ya kugeuza matarajio. Waliloliona ni kwamba watoto wa nyumba zenye lugha zaidi ya moja walikuwa wepesi zaidi kuliacha jambo moja na kuhamisha macho kwenye lingine. Ubishi unaendelea.

Lakini kwa swali letu, yapo mambo ambayo pande zote mbili za ubishi huo zinakubaliana. Katika jaribio la Trieste watoto wa lugha mbili walijifunza kanuni ya kwanza sawasawa na wenzao, na katika utafiti wa 2020 pia hakuna aliyeonekana kulemewa na lugha za nyumbani kwao. Mwalimu akiulizwa njiani, hilo anaweza kulisema bila kigugumizi: macho ya watoto hayaonyeshi kwamba lugha mbili zinawavuruga. Kwamba zinawaongezea akili, hilo asiliahidi.

"Kiko wapi?" na "iko wapi?"

Kuna upande mwingine wa utafiti huu unaogusa sarufi moja kwa moja. Mwaka 2012 Elika Bergelson na Daniel Swingley walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 9 wakisikia mama akitaja jina la chakula au la kiungo cha mwili, hutazama picha yake zaidi kuliko picha nyingine iliyo kando. Maana yake ni kwamba mtoto ambaye bado hajatamka neno anayo tayari maneno kadhaa kichwani.

Na si maneno mazima tu. Mwaka 2007 Casey Lew-Williams na Anne Fernald walichunguza watoto wa miaka 3 hivi wanaojifunza Kihispania, lugha ambayo kila nomino hutanguliwa na kibainishi cha kike au cha kiume. Picha mbili zilipokuwa za jinsia tofauti, watoto waliwahi kuifikia picha sahihi. Zilipokuwa za jinsia moja, walichelewa kidogo, kwa sababu kibainishi hakikuwapunguzia kazi. Kipande kidogo cha sarufi kiliwaambia macho yaende wapi.

Msomaji wa jarida hili bila shaka ameshawaza juu ya ngeli. Mwekee mtoto picha ya kikombe na ya ndizi, kisha uliza, "Kiko wapi kikombe?" Silabi ya kwanza tu imeshaitupa ndizi nje. Weka kikombe na kiatu, uliza swali lilelile, na sasa ki- haisaidii. Mtoto hana budi kungoja jina lenyewe. Tofauti ya kasi kati ya maswali hayo mawili ingetuonyesha kama mtoto anatumia upatanisho wa kisarufi kutazamia nomino, miaka mingi kabla hajafundishwa neno "ngeli" darasani.

Hapa ndipo Bwera inakuwa mahali pa pekee. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kinachovuka mpaka pale Mpondwe hupunguza sana upatanisho, na utasikia "kitabu iko wapi", "kikombe iko wapi", "batu iko wapi". Hata Kasese mjini, ambako reli ilifika mwaka 1956 na ambako migodi ya shaba ya Kilembe ilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, Kiswahili cha kuelewana hakikubeba ngeli zote. Lhukonzo, kwa upande wake, inazo ngeli kamili na upatanisho wake: ekindu kikiwa kimoja, ebindu vikiwa vingi. Basi mtoto mmoja anapokea lugha mbili za Kibantu zilizo jirani, moja ikimwambia kwamba kiambishi ni habari ya kuaminika, nyingine ikimwambia kwamba "iko" ni ya kila kitu. Je, macho yake hutazamia kwa ki- ya Lhukonzo na kungoja jina katika Kiswahili? Au huchukua mazoea ya lugha moja na kuyapeleka kwenye nyingine?

Jibu lingetusaidia sana katika kusahihisha. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, walimu wengi wamekuwa wakikutana na wanafunzi wa "kitabu iko". Wengi huiita uvivu. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu watoto wanne wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, aliona umuhimu wa kuanza na Kiswahili cha Nairobi kama kinavyosemwa na wakubwa wa hapo, pamoja na viambishi wanavyoviacha, kabla ya kuhukumu mtoto amekosa nini. Sisi tunaiunga mkono njia hiyo. Mtoto hawezi kutazamia kiambishi ambacho hakuna aliyemsikilizisha.

Uganda si mgeni katika kazi hii

Mary Ainsworth aliwafuatilia watoto 28 wa Buganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, na kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Hakuwa na kifaa cha kupima macho. Alikaa sebuleni pamoja na mkalimani wake, akaandika, na miongoni mwa dalili za upendo wa mtoto kwa mama aliweka hii: kwamba mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine huendelea kugeukia alipo mama na kumfuata kwa macho. Karibu zaidi na siku zetu, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walitumia kifaa cha kufuatilia macho mashariki mwa Uganda kupima kumbukumbu za sura kwa watoto wadogo waliozaliwa na akina mama wenye virusi vya UKIMWI. Mtoto huonyeshwa sura moja mpaka aizoee, kisha huiona tena kando ya sura ngeni. Akiikumbuka ya kwanza, macho huenda kwenye ngeni. Taarifa yao ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba kazi hiyo inawezekana katika mazingira yetu. Nchini Malawi nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima watoto wa miezi 9 vijijini kwa kifaa cha namna hiyo.

Kwa hiyo mtu akitaka kuifanya kazi hii Bwera, kifaa si kikwazo kikubwa kuliko vyote. Kikwazo kikubwa ni imani ya watu. Mwaka 2019 ugonjwa wa Ebola ulipovuka mpaka na kuingia Kasese, wakazi wa eneo hilo walizoea wageni wenye mavazi maalumu na vifaa vya kupima joto pale Mpondwe. Mgeni mwingine anayekuja kumulika macho ya mtoto kwa mwanga usioonekana ataulizwa maswali, tena katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki kumkazia mtoto mchanga macho ni jambo la kutia hofu. Ridhaa lazima iombwe kwa Lhukonzo, kwa maneno ya kawaida, na mama apewe nafasi ya kwanza kukaa mbele ya skrini mwenyewe, aone nukta ikifuata macho yake kabla ya kumpakata mwanawe.

Picha nazo zichaguliwe pamoja na akina mama: kikombe cha plastiki kinachotumika nyumbani, si cha udongo chenye kisahani, ndizi ya mkungu, kiatu cha kandambili, sufuria iliyopata masizi. Na sauti inayouliza isiwe ya mtangazaji wa redio. Iwe ya mwanamke wa Bwera, nayo irekodiwe mara mbili kwa kila picha, mara moja akisema "kiko wapi" na mara moja akisema "iko wapi".